Mawingu ya kilomita 83: kwa nini kila mwaka huja kivyake

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Agosti, setilaiti zinazopita juu ya Aktiki huona utando mweupe umetanda kwenye kimo cha kilomita 83 hivi. Ikifika Novemba au Desemba, utando kama huo hutokea juu ya Antaktika na kudumu hadi Februari. Ni mawingu ya barafu, na kwa kimo hayana mfano: hata mawingu makubwa ya radi ya ukanda wa tropiki kwa kawaida hukomea kilomita 15 hadi 18. Haya yamo katika tabaka la angahewa liitwalo mesosfia, mahali pasipofikiwa na ndege wala puto, ambako vimondo huungulia.

Kama yangekuja kwa kiasi kilekile kila mwaka, yangebaki kuwa pambo la anga na wachache tu wangejishughulisha nayo. Lakini kuna mwaka msimu huwahi, na kuna mwaka huchelewa kwa wiki kadhaa. Kuna miaka mawingu huwa mazito na mang'avu, mingine huwa hafifu, tena ncha moja ikifanya hivi na nyingine vile. Setilaiti zimeyafuatilia kwa zaidi ya miaka 40 sasa, na sababu zilizopatikana si moja wala mbili. Nyingine huvutana, na nyingine zinaanzia upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana mtu akisema kwamba mawingu haya yanaongezeka, mimi humuuliza kwanza: ya ncha ipi, tangu lini, na yamepimwa kwa chombo gani? Bila hayo matatu, kauli yake haishikiki.

Jambo moja tuliweke kando mapema. Ncha za dunia zina mawingu mengine ya juu ambayo watu huyachanganya na haya: yale ya stratosfia, tabaka lililo chini ya mesosfia, kwenye kilomita 15 hadi 25, yanayotokea majira ya baridi na ambayo juu ya chembe zake ndiko kemikali zinazoharibu ozoni hupata nguvu. Hayo yana habari yake. Tunayoyazungumzia hapa ni ya kiangazi, na yako juu zaidi mara nne au tano.

Baridi ya kiangazi

Neno kiangazi ndilo linaloshangaza. Mahali penye baridi kali kuliko pote katika angahewa ni juu ya ncha iliyo katika kiangazi, wakati jua halitui kwa wiki nyingi. Kwenye kimo cha kilomita 85 hadi 90, joto hushuka mpaka karibu nyuzi 140 za Selsiasi chini ya sifuri. Majira ya baridi, gizani, kimo hichohicho huwa na joto zaidi kwa makumi ya nyuzi.

Kinachofanya hivyo ni mwendo wa hewa. Milima, radi na dhoruba za huku chini huitikisa hewa na kuzaa mawimbi yanayopanda juu. Kadiri yanavyopanda hewa inakuwa nyepesi na mawimbi yanakua, hadi yanapofika mesosfia na kuvunjika. Yakivunjika huusukuma upepo wa huko, na msukumo huo unaendesha mzunguko mkubwa unaozunguka dunia nzima: hewa hupanda juu ya ncha yenye kiangazi, husafiri kuelekea ncha nyingine, kisha hushuka huko. Inayopanda hutanuka, na inayotanuka hupoa, kama upepo unaofyatuka kwenye tairi ambao mkononi huhisiwa wa baridi. Inayoshuka hubanwa na kupata joto. Kwa hiyo baridi ya mawingu haya haitoki kwa jua kukosekana, inatoka kwa pampu, na pampu hiyo inategemea mawimbi na upepo wa tabaka za chini. Hili litarudi tena na tena.

Baridi pekee haitoshi. Hewa ya huko ni kavu kupindukia, molekuli chache tu za maji katika kila milioni, na shinikizo lake ni chini ya sehemu moja kwa laki moja ya lile la usawa wa bahari. Kwa ukavu huo, barafu haigandi mpaka joto lipite nyuzi 120 hivi chini ya sifuri. Tena huhitaji kitu cha kushikia, na hapo ndipo vimondo vinapotoa mchango: vinapoungua huacha vumbi laini mno, na molekuli za maji hujibandika juu yake. Chembe zinazotokea ni za nanomita 20 hadi 100, ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga tunaouona kwa macho.

Matokeo yake ni wingu linaloishi ukingoni. Joto likipanda nyuzi mbili tatu, barafu huyeyuka na kuwa mvuke. Maji yakiongezeka kidogo, wingu hunenepa. Hakuna mawingu mengine yaliyo mepesi kuhisi mabadiliko kiasi hiki, na hiyo ndiyo sababu yanafuatiliwa kwa bidii, na pia sababu ya kuwa magumu kueleweka.

Kuyaona kutoka juu

Kwa macho ya walio ardhini, mawingu haya huonekana muda mfupi baada ya jua kutua, pale chini kunapokuwa giza huku wao, kwa ajili ya kimo chao, bado wanamulikwa. Taarifa za kwanza za uhakika ni za mwaka 1885, Ulaya, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatau kulipuka Agosti 1883. Otto Jesse, mwanaastronomia wa Berlin, aliyapiga picha kutoka vituo viwili kwa wakati mmoja na kwa hesabu za pembetatu akapata kimo cha kilomita 82. Kwa vifaa vya karne ile, ni kazi ya kutolewa heshima. Lakini mtazamaji wa ardhini huona ukingo tu wa utando, kusini mwa kitovu chake, na siku ya mawingu ya kawaida haoni kitu. Rekodi yake haiwezi kusema mengi kuhusu mwaka huu na mwaka jana.

Setilaiti iitwayo OGO-6 iliyagundua kutoka angani mwaka 1969. Rekodi ndefu tuliyonayo ilianza kwa bahati tu. Mwaka 1978 Marekani ilirusha Nimbus-7 ikiwa na chombo kilichoitwa SBUV, na kazi yake ilikuwa kupima ozoni. Chombo hicho hutazama chini kwa mionzi ya urujuanimno, hadi urefu wa wimbi wa nanomita 252. Katika rangi hiyo dunia ni nyeusi, kwa sababu ozoni hunyonya mwanga kabla haujafika chini na kurudi. Bahari, theluji na mawingu ya mvua havionekani kabisa. Kinachokuwa juu ya ozoni, yaani utando wetu wa kilomita 83, huonekana kama doa jeupe juu ya kitambaa cheusi. Wachambuzi wa ozoni waliona doa hilo kama usumbufu. Gary Thomas wa Chuo Kikuu cha Colorado, pamoja na Matthew DeLand na wenzao, wakaligeuza kuwa rekodi. Vyombo vya aina hiyohiyo viliendelea kupandishwa katika setilaiti za NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, kisha vikafuatiwa na chombo kiitwacho OMPS katika setilaiti ya Suomi NPP iliyorushwa Oktoba 2011. Ukiviunganisha unapata mfululizo usiokatika tangu 1979.

Mfululizo huo lakini una mtego, na nitakaa hapo kidogo kwa kuwa waandishi wengi huuruka. Setilaiti za NOAA hazikushikilia saa moja ya kupita. NOAA-11, kwa mfano, ilirushwa 1988 ikivuka ikweta mapema mchana. Miaka michache baadaye ilikuwa imesogea mpaka jioni. Mawingu haya nayo yana tabia ya siku: kwa vipimo vya leza vya Andøya, kaskazini mwa Norwe, huwa mang'avu zaidi alfajiri na hafifu mchana na jioni, kwa sababu ya mawimbi ya kujaa na kupwa ya angahewa yenyewe. Hivyo setilaiti ikisogea saa yake ya kupita, mawingu yataonekana kupungua au kuongezeka hata kama hayakubadilika hata chembe. Zaidi ya hapo, pembe ya jua nayo hubadilika, na chembe ndogo hutawanya mwanga tofauti kwa kila pembe. Mtu akichukua namba ghafi na kuchora mstari, atakuwa amechora mwendo wa setilaiti.

Kuna suala la ukali wa jicho pia. Kipande kimoja cha SBUV ardhini kina upande wa karibu kilomita 170, na chombo hukamata mawingu mang'avu tu. Mwaka wenye mawingu mengi lakini hafifu utasomeka kwake kama mwaka mkavu. Hii ndiyo sababu ya kutengenezwa kwa AIM, setilaiti ya NASA iliyorushwa tarehe 25 Aprili 2007 kwa ajili ya mawingu haya peke yake, chini ya uongozi wa James Russell wa Chuo Kikuu cha Hampton. Kamera zake nne ziliyachora mawingu kwa undani wa kilomita chache. Chombo chake kingine kililitazama jua likichomoza na kuzama nyuma ya angahewa, kikapima kwa pamoja barafu, maji, joto na hata vumbi la vimondo lililofungwa ndani ya barafu. Ilipangwa kufanya kazi miaka miwili. Ilifanya karibu 16, mpaka betri ilipochoka na NASA ikatangaza kuifunga Machi 2023.

Ncha moja humsikia mwenzake

Sasa tuje kwenye mabadiliko yenyewe. Ugunduzi ninaouona mkubwa kuliko yote ni kwamba kiangazi cha ncha moja hutegemea majira ya baridi ya ncha nyingine. Dalili za awali zilipatikana Julai 2002, pale makombora ya utafiti yaliyorushwa kutoka Andøya yalipokuta mesosfia ya kaskazini si ya kawaida. Mwaka huo stratosfia ya kusini, iliyokuwa katika baridi, ilikuwa imevurugwa kuliko kawaida. Mwaka 2007 Bodil Karlsson na wenzake wa Stockholm walichukua vipimo vya setilaiti ya Odin ya Uswidi na kuonyesha uhusiano huo mwaka baada ya mwaka: stratosfia ya ncha yenye baridi ikiwa na joto kuliko kawaida, mawingu ya ncha ya pili hupungua.

Inawezekanaje? Kumbuka pampu. Mawimbi makubwa yanapovunjika katika stratosfia ya majira ya baridi, huudhoofisha upepo unaoizunguka ncha. Upepo huo ndio unaochuja mawimbi madogo yanayopanda kwenda mesosfia, kwa hiyo chujio likibadilika, msukumo wa huko juu hubadilika, na mzunguko hulegea upande huo. Ulegevu husambaa kupitia mesosfia ya tropiki hadi upande wa kiangazi, ukibadilisha joto na upepo njiani. Hewa ya ncha yenye kiangazi hupanda kwa nguvu ndogo zaidi, haipoi sana, na barafu hukosa mazingira.

Hapo pia ndipo tofauti ya ncha mbili inapoeleweka. Mawingu ya kusini huwa hafifu kuliko ya kaskazini, na huyumba zaidi mwaka hadi mwaka. Kizio cha kaskazini kina mabara na safu za milima zinazozalisha mawimbi makubwa, hivyo majira yake ya baridi hutibuka mara kwa mara, na kila yakitibuka, kusini huathirika. Majira ya baridi ya kusini, yaliyozungukwa na bahari, hutulia zaidi, na kiangazi cha kaskazini hufaidi utulivu huo.

Kusini kuna kigezo cha pili, na hiki huamua siku ya kuanza. Juu ya Antaktika upepo mkali wa magharibi huzunguka stratosfia majira yote ya baridi. Mpaka upepo huo uvunjike na kugeuka, mawimbi yanayohitajika kuanzisha pampu ya kiangazi hayapiti. Ukivunjika mapema, mawingu huwahi. Ukichelewa, nayo huchelewa. Kamera za AIM zilionyesha msimu wa 2010 hadi 2011 ukianza karibu mwezi mzima baada ya tarehe ya msimu uliotangulia. Msimu wa 2016 ulianza tarehe 17 Novemba, miongoni mwa iliyowahi kuliko yote katika rekodi ya AIM. Na kwa kuwa upungufu wa ozoni huifanya stratosfia ya kusini ibaki na baridi na upepo wake udumu hadi mwishoni mwa majira ya kuchipua, tundu la ozoni lililo kilomita 20 juu lina sauti katika kuamua lini barafu itaganda kilomita 83. Kaskazini tarehe hazitofautiani kiasi hicho, ingawa nako mwaka 2013 msimu ulianza tarehe 13 Mei, mapema kuliko ule wowote AIM iliokuwa imeuona hadi wakati huo.

Jua lililonyamaza

Kigezo kilichotegemewa kuliko vyote kilikuwa jua. Kila baada ya miaka 11 hivi, jua hufikia kilele cha harakati zake. Mwanga wake kwa jumla hubadilika kwa sehemu moja tu katika elfu, lakini mionzi yake mikali ya urujuanimno hubadilika mno. Mmojawapo, uitwao Lyman-alfa, hupasua molekuli za maji kwenye mesosfia, na mionzi mingine huipasha joto. Maji yakipungua na joto likipanda, mawingu hupungua. Rekodi ya SBUV ilikubali: kuzunguka vilele vya jua vya mwanzo wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 mawingu yalipungua, na jua lilipotulia yaliongezeka, kwa kuchelewa kidogo.

Kisha baada ya mwaka 2002 hivi uhusiano huo ukafifia. Kilele cha 2014 kilipita na mawingu hayakujali. Mark Hervig na wenzake walilichapisha hilo mwaka 2019 baada ya kuangalia mawingu, joto na maji kwa pamoja, na kukuta mwitikio wa vyote ukiwa umekaribia kutoweka. Kweli kilele cha 2014 kilikuwa dhaifu, lakini udhaifu wake hautoshi kuelezea ukimya wote huo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo.

Ubishi huu una uzito kuliko unavyoonekana. Ili kujua kama mawingu yanaongezeka kwa muda mrefu, wachambuzi huchukua rekodi, wakaondoa mchango wa jua kwa hesabu, kisha wakatazama kinachobaki. Hesabu hiyo hudhani kuwa jua lina nguvu ileile wakati wote. Miaka 45 ina mizunguko ya jua minne tu. Ikiwa miwili ya kwanza ilifuata kanuni na miwili ya mwisho ikaacha, basi kinachobaki baada ya kuondoa jua kinabeba kosa la dhana hiyo, na mwelekeo unaoupata hutegemea mwaka ulioanzia. Binafsi naona ongezeko dogo ambalo rekodi ya SBUV huonyesha, hasa kaskazini, ni la kuaminika kwa ujumla wake. Namba yake kamili kwa muongo ningeisoma kwa tahadhari.

Maji yanatoka wapi

Ongezeko la muda mrefu lina sababu inayoeleweka, nayo ni methani. Maji ya huku chini hayapandi kirahisi, kwa sababu mpaka wa juu wa tabaka la hali ya hewa una baridi inayoyagandisha njiani. Methani haigandi. Hupenya, na ikifika juu huungana na oksijeni, kila molekuli moja ikiacha mbili za maji. Kiwango chake hewani kimepanda kutoka sehemu 700 hivi katika kila bilioni kabla ya enzi za viwanda hadi zaidi ya 1900 sasa. Franz-Josef Lübken na wenzake wa Kühlungsborn, Ujerumani, walifanya hesabu za kielelezo kuanzia mwaka 1871 na kupata kwamba mawingu yenye mng'ao wa kuonekana kwa macho zamani yangetokea mara moja katika miongo kadhaa, ilhali leo ni jambo la kila msimu. Kaboni dayoksaidi nayo huipoza mesosfia badala ya kuipasha joto, kwa kuwa huko juu hutupa joto angani, lakini katika hesabu hizo maji ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya mabadiliko.

Volkano huweza kupeleka maji kwa mkupuo. Hunga Tonga ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, ilirusha takriban tani milioni 150 za mvuke katika stratosfia na kuongeza maji yake kwa asilimia 10 hivi. Setilaiti ya Aura iliufuatilia mvuke huo ukisambaa. Kupanda kutoka huko hadi mesosfia ya ncha huchukua mwaka mmoja au miwili, na ndiyo maana baadhi ya watu hukumbushia pengo la kati ya mlipuko wa Krakatau wa 1883 na taarifa za mawingu za 1885.

Roketi nazo zimo. Injini kuu za vyombo vya Space Shuttle zilichoma hidrojeni na oksijeni, na moshi wake karibu wote ulikuwa mvuke: takriban tani 300 kila safari, zikimwagwa juu ya kilomita 100. Mvuke wa safari ya Columbia ya Januari 2003 ulifika Antaktika ndani ya siku chache, na mawingu yakaongezeka huko. Safari za Shuttle zilikoma Julai 2011, lakini si roketi. Uchambuzi wa picha za AIM uliotolewa mwaka 2022 uliona kwamba katika latitudo za digrii 56 hadi 60 kaskazini, wingi wa mawingu ya Julai ulipanda na kushuka pamoja na idadi ya roketi zilizorushwa kati ya usiku wa manane na asubuhi. Ajabu ni saa: upepo wa kimo hicho hubadilika kwa kutwa, na ni mvuke wa saa hizo unaobebwa kwenda kaskazini. Katika ukanda huo, basi, anayetafuta ishara ya methani lazima kwanza aondoe ratiba ya roketi.

AIM ilipozimwa, mzigo ulibaki kwa OMPS, yenye jicho la kutazama mbali badala ya undani, na kwa setilaiti ndogo ya Uswidi, MATS, iliyorushwa Novemba 2022 kwa ajili ya kuyachora mawimbi ya mesosfia. Kilele kipya cha jua na maji ya Hunga Tonga vilifika kwa wakati mmoja, kimoja kikitarajiwa kupunguza mawingu na kingine kuyaongeza, na chombo cha AIM kilichokuwa kikipima barafu, maji na joto kwa pamoja hakikuwa kikifanya kazi tena.